Barua ya kuacha kazi iko kwenye droo, mume wangu hajui

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, nafanya kazi benki hapa Dar es Salaam. Mwaka huu nimetimiza miaka 11 kazini, yote kwa mwajiri mmoja. Nilianzia kaunta, sasa ni afisa mikopo wa biashara ndogo. Ukiniangalia kwa nje mambo yangu yamenyooka. Tuna nyumba Bunju, ingawa plasta ya nje bado. Watoto wanasoma. Mama yangu yuko Korogwe, namtumia 150,000 kila mwezi, na mdogo wetu wa mwisho namlipia ada ya chuo, amebakiza mwaka mmoja.

Ila moyoni, Shangazi, nilishaondoka benki zamani.

Nachora tangu utoto. Shuleni ndiye niliyekuwa nachorea darasa zima moyo wa binadamu na mfumo wa chakula kwenye madaftari ya baiolojia. Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kwenda Bagamoyo kusomea sanaa. Baba, Mungu amrehemu, aliniambia hakukata mkonge miaka ishirini ili mwanawe akachore. Nikasoma uhasibu. Simlaumu, kwa kuwa mikono yake niliiona.

Miaka mitatu iliyopita alikuja ofisini bibi mmoja muuza dagaa wa Feri, anachukua mkopo wa kikundi. Hajui kuandika, nikamsogezea kidau cha wino. Akakandamiza dole gumba kwenye fomu, likatoka doa tu, hakuna mstari hata mmoja. Nikamfuta kwa tishu, tukarudia. Mara ya tatu akauacha mkono mezani, akaniangalia, akasema, “Mwanangu, alama zangu zimeishia kwenye chumvi.” Usiku ule watoto walipolala nilichukua rangi zao za shule nikalichora lile dole gumba nyuma ya kalenda ya zamani. Sijaacha tena.

Sasa nachora kila usiku, saa nne hadi saa saba, mezani tunapolia chakula. Nanunua amerikani Kariakoo, fundi wa Keko ananitengenezea fremu, naiwamba mwenyewe, napiga mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, napitisha msasa, ndipo naanza kuchora kwa akriliki. Picha moja hunichukua kama wiki tatu. Kwa miezi 14 nimeuza picha 11, jumla shilingi 4,150,000. Saba wamenunua wafanyakazi wenzangu, mbili ndugu, na mbili watu baki: mama mmoja mgeni tuliyekutana kwenye maonyesho Mikocheni, na mwenye hoteli wa Bagamoyo. Hao wawili kila mmoja alitoa 650,000 bila kupunguza, na wote wawili walichukua picha za mikono. Gharama za kila picha ni kama 60,000.

Miezi minne iliyopita, kwenye kikao cha malengo cha Jumatatu, bosi wangu aliona rangi ya bluu kwenye kucha zangu. Akasema mbele ya watu wote kwamba nalipwa kutoa mikopo, silipwi kuchafua kucha. Mchana ule niliandika barua ya kuacha kazi. Sijaiwekea tarehe. Iko kwenye droo ya kabati, chini ya vitenge.

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati sekondari. Ni mtu mwema, hana makuu. Lakini akipita mezani usiku husema, “Umeanza tena mchezo wako,” kisha anakwenda kulala. Kwa hiyo sijamwambia habari ya barua. Kinachonishika zaidi ni mkopo wa mfanyakazi tuliojengea nyumba: limebaki deni la kama milioni 28, miezi 54, nakatwa 632,000 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 9. Baada ya makato yote nabaki na 1,240,000.

Rafiki yangu mmoja amenipa kitabu cha maisha ya Gauguin, yule Mfaransa aliyeacha kazi ya soko la hisa Paris akawa mchoraji mkubwa. Ananiambia, “Ona, angesubiri mkopo uishe, dunia isingemjua.” Nimekisoma nikilia.

Nipeleke barua? Na mume wangu nimwambie kabla, au nimwambie ikishakuwa imekwisha, asije akanizuia?

Mama wa Bunju

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa yule bibi wa dagaa. Mtu anayeona jambo kama lile saa tano asubuhi, kaunta imejaa watu, halafu usiku akalirudia kwa rangi za watoto, huyo ni mchoraji. Nakuamini. Kwa hiyo hilo la kama una kipaji au huna tuliweke pembeni kabisa. Hukuniuliza, na sitakupotezea muda.

Ulichoniuliza ni kuhusu barua na mume. Nitaanza na mume, kwa sababu humo ndimo nilimoona hatari kuliko kwenye deni.

Wewe ni afisa mikopo. Hebu zunguka meza, keti kwenye kiti cha mteja, kisha ulete faili lako. Anakuja mama wa miaka 36, anataka kuanza biashara mpya kwa kutumia usalama wa nyumba ya familia. Unafungua faili lake. Karatasi ya kwanza unayoitafuta ni ipi? Ni ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inailinda nyumba ya ndoa, na wewe kwa miaka mingi umewarudisha watu kutoka mlangoni kwa kukosa karatasi hiyo. Umemwambia mzee wa watu na mvi zake, “Baba, nenda kamlete mama.” Mumeo naye alikuja, akaketi, akaweka sahihi yake mlipochukua mkopo wa Bunju. Alikubali nyumba anayolala iwe rehani kwa sababu mshahara wako ulikuwepo wa kuulipa. Sasa unataka kuuondoa mshahara huo, na unaniuliza kama aambiwe kabla au baada.

Kabla, mwanangu. Kabla hata bosi hajajua kwamba barua ipo.

Najua neno “mchezo” linavyouma. Lakini nimejiuliza maswali mawili matatu ambayo barua yako haikuyajibu. Je, anajua kwamba huo mchezo umeingiza zaidi ya milioni nne? Zimekwenda wapi, anajua? Amewahi kusimama mbele ya picha iliyokwisha, mchana, kwenye mwanga, au yeye huona tu meza iliyochafuka saa sita usiku na mke ambaye kesho ataamka amechoka? Unamhukumu kwa kitu ambacho huenda hujawahi kumwonyesha sawasawa. Na ni mwalimu wa hisabati! Katika nyumba zote za Dar es Salaam zenye mchoraji, yako imejaaliwa mtu anayeweza kukaa nawe na kalamu mkajua hii safari inagharimu kiasi gani. Mtumie huyo. Usimvizie.

Atakataa? Huenda siku ya kwanza atakataa. Utapata siku ya pili na ya tatu. Ila ukimwambia barua ikiwa imeshapokelewa, hapo hatabishana nawe juu ya uchoraji tena. Atakuwa anabishana juu ya kufichwa, na ugomvi huo mimi nimeuona kwenye nyumba nyingi mno. Hauna jioni ya kuisha.

Tuje kwenye faili sasa. Umeuza 4,150,000 kwa picha 11. Toa gharama, 60,000 mara 11, ni 660,000. Imebaki 3,490,000, igawe kwa miezi 14, unapata kama 249,000 kwa mwezi. Kwa mtu anayechora masaa matatu ya usiku baada ya kutwa nzima ya benki, nakwambia kwa dhati, si haba. Ukipata mchana mzima utachora zaidi, hilo sina shaka nalo.

Lakini mtazame mnunuzi. Picha saba kati ya 11 zimenunuliwa na wenzako wa ofisini. Mteja akija kwako na duka ambalo wateja wake wengi ni wafanyakazi wa ofisi anayotaka kuhama, ungemwambiaje? Wale wenzako wananunua kwa sababu wanakupenda, wanakuona kila siku, na mshahara umeingia. Siku ukiondoka, wiki ya kwanza watakuaga kwa keki, mwezi wa pili watakuwa wanapenda picha zako kwenye simu, na mwezi wa sita hawatakumbuka bei. Siwasemi vibaya, ndivyo ofisi zilivyo. Ukitoka benki leo unaacha kazi na soko kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana wale wawili, watu baki, wana uzito kwangu kuliko wale tisa wote. Hawakujui. Hawana haya na wewe. Walitoa mara mbili ya bei ya wengine, na wote wawili wakachagua mikono. Hapo pana habari kubwa. Hukunieleza picha nyingine ni za nini, nahisi ni machweo na majahazi, maana kila mtu hapa mjini ana machweo na majahazi. Mikono ya watu wanaokopa hakuna mwingine anayeichora, kwa sababu hakuna mwingine aliyekaa miaka 11 mbele yao. Benki unayoichukia ndiyo iliyokupa picha zako. Sisemi ubaki kwa ajili hiyo. Nasema kabla hujatoka, jaza macho. Tazama namna mtu anavyokunja kitambulisho chake, na namna anavyofuta wino kwenye suruali.

Hapohapo nikuonye mambo mawili. Yule mwenye hoteli wa Bagamoyo, je, ana faili mezani kwako au kwa jirani yako? Kama analo, 650,000 ile kesho mtu ataiita jina jingine, na utakuwa huna la kujitetea. Mteja wa mkopo asinunue kitu kwako, hata kama anakipenda kwa moyo safi. La pili, chora mikono kwa kumbukumbu, usiipige picha kwenye dawati, na pasionekane jina wala namba ya fomu. Siri ya mteja utatoka nayo hata ukiacha kazi.

Mkopo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba riba ya mfanyakazi ni ya mfanyakazi. Ukitoka, kulingana na mkataba wako, ama deni linadaiwa lote, ama linahamia riba ya soko. Chukulia limehamia, na riba imekuwa asilimia 17. Milioni 28 kwa miezi 54 itakuwa kama 745,000 kwa mwezi badala ya 632,000. Wakati huo mshahara haupo. Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo cha kisheria hakikuhusu, kile ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Utalipwa siku ulizofanyia kazi na likizo ambayo hujaichukua, basi. Fao la kukosa ajira nalo si la aliyeondoka kwa hiari yake. Kadi ya bima ya watoto utairudisha. Yote haya yanatoka ndani ya siku 28 za notisi, ambazo huwa zinakwenda mbio ajabu.

Na kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Miaka 11 ni michango 132. Ili uzeeni upate pensheni ya kila mwezi unahitaji 180. Umebakiza 48. Ukitoka unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari, na nakusihi uendelee, kwa sababu mchoraji hana mwajiri wa kumkumbusha kwamba atazeeka.

Nilikuwa na kaka yangu mkubwa aliyechonga mpingo Mwenge zaidi ya miaka ishirini. Mikono yake ilikuwa ya ajabu, angeweza kukutolea mzee mwenye fimbo kutoka kwenye gogo ambalo mimi nisingelipikia hata chai. Mwezi wa Julai na Agosti watalii wapo, nyumbani kwake kuku. Desemba vilevile. Masika inapoingia, Machi hadi Mei, anakaa na vinyago vyake vimepangwa kwenye rafu, anavipaka rangi ya viatu ving’ae, anavipangusa, anavirudisha. Hakuna anayeingia. Mkewe alikuwa na genge la nyanya mtaani na genge lile ndilo lililolisha miezi hiyo. Mwaka 2020 ulipokuja na corona, ndege hazitui, alikaa kutwa nzima dukani na redio. Nilimpelekea unga. Akaniambia kinachomchosha si njaa, ni kuwa na kazi nzuri mkononi isiyo na mtu wa kuitazama. Sikuelezi haya nikutishe. Alikufa mchongaji, na hakuwahi kunitamkia kwamba angependa kuwa kitu kingine. Ila genge lilikuwepo, na yeye na mkewe walilipanga pamoja tangu mwanzo, wakijua masika itakuja kila mwaka.

Sasa Gauguin wa rafiki yako. Kitabu kile kisome mpaka zile kurasa ambazo hazinukuliwi. Soko la hisa la Paris lilianguka mwaka 1882, kazi ikaharibika, naye akaamua kuchora moja kwa moja. Alikuwa na mke, Mette, na watoto watano. Pesa zilipokwisha walihamia Copenhagen, Denmark, kwa jamaa za mke. Kule alijaribu kuuza maturubai, hakufanikiwa. Mwaka 1885 akarudi Paris, na Mette akabaki akifundisha Kifaransa ili watoto wale. Picha ni kubwa kweli, simnyimi haki yake. Lakini ukimsoma ukilia, basi machozi mengine mpe Mette. Na ukitafuta mfano, usivuke bahari. Majirani zako wanao.

Sam Ntiro wa Machame alichora mashamba ya migomba na harusi za Wachaga, akafundisha Makerere, na nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu wa kwanza London. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lile wanaloliita MoMA, lilinunua picha yake ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Balozi, mwalimu, na mchoraji, mtu yuleyule. Ajira haikumfanya awe mchoraji nusu. Nakwambia hili kwa sababu naona kwenye barua yako unaamini kwamba mpaka uache ndipo utakuwa msanii wa kweli. Hapana. Umeshakuwa.

Kuna na upande wa pili. Sane Wadu wa Kenya alikuwa mwalimu. Miaka ya 1980 akaacha chaki akashika brashi, na watu wakamwona amerukwa na akili. Yeye akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, na jina hilo ndilo linalojulikana leo. Mkewe Eunice naye akawa mchoraji. Kwa hiyo wapo waliotoka kweli, na siwezi kukwambia hakuna njia. Ipo. Mimi natamani siku moja uipite, na natamani uipite ukiwa na mtu wako.

Kwa hiyo barua usiipeleke sasa. Uliiandika mchana uleule uliodhalilishwa, na iko bila tarehe kwa sababu wewe mwenyewe unajua ilikuwa inamjibu bosi. Alikukosea. Mtu mzima haambiwi vile mbele ya wenzake, na kama atarudia, una haki ya kupeleka jambo hilo ofisi ya utumishi kwa maandishi. Lakini kumkimbia mtu na kuelekea kwenye uchoraji ni safari mbili tofauti, hata kama zinaanzia mlango mmoja.

Nitakachokwambia ufanye ni hiki. Una likizo ya siku 28 kwa mwaka. Safari hii usiitumie kwa plasta wala kwa harusi ya binamu. Ichukue yote kwa mpigo, watoto wakiwa shule, uchore kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi kila siku kama mtu aliyeajiriwa. Utajua mambo ambayo usiku haukwambii: kama unaweza kukaa peke yako kutwa, mgongo unasemaje, wiki ya tatu bado una la kuchora au umekauka. Siku moja moja toka. Nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, wasanii wana vyumba vyao vya kazi, zungumza nao, uliza wanavyoishi, uliza bila haya wanauza kwa bei gani na wenye kumbi wanakata kamisheni kiasi gani, maana wapo wanaochukua theluthi na wapo wanaochukua nusu. Nenda Morogoro Stores, hapahapa Dar es Salaam, kwa wachoraji wa Tingatinga. Hata kama hupendi mtindo wao, kaa kwenye benchi nusu siku utazame jinsi picha inavyouzwa. Edward Saidi Tingatinga alikuja mjini kutoka Tunduru kutafuta riziki, akaanza kuchora mwaka 1968 hivi kwa rangi za baiskeli kwenye mbao za dari, na mwaka 1972 alikuwa amekwishafariki. Ni miaka minne tu. Ndugu na vijana aliowafundisha wakashikana, na mpaka leo watu wanakula kwenye ile njia. Wewe unachora peke yako mezani saa sita usiku. Upweke huo ni sehemu ya kinachokuchosha, wala usidhani ni benki peke yake.

Na wakati huo uuze kwa watu wasiokujua. Hilo ndilo lengo lako jipya, achana na ya kikao cha Jumatatu. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, jua hakimiliki yako inalindwaje na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, biashara yako iwe na TIN, namba ya mlipakodi, usije ukakosa zabuni ya hoteli au ofisi kwa kukosa karatasi. Wafikie watu baki kumi, mikono kumi.

Pesa ya picha isiingie kwenye matumizi. Ukiielekeza yote kwenye mkopo, zile 249,000 juu ya 632,000, deni linakwisha karibu na mwezi wa 37 badala ya 54. Mwakani mdogo wenu akimaliza chuo, ile ada nayo ipeleke hukohuko, mwezi utasogea zaidi. Mpe mumeo afanye hesabu hiyo, nimeifanya kwa kalamu na kikokotoo cha simu, yeye ataifanya vizuri zaidi. Muda huo utakuwa na miaka 39, na michango ya NSSF itakuwa imebaki kama 11, unaweza kuimalizia kwa hiari. Miaka mitatu ni mirefu, najua. Nilipokuwa na umri wako hata miezi mitatu nilikuwa naiona kama kifungo. Lakini nyumba itakuwa yenu, na ukitoka siku hiyo masika ikikukuta hujauza kitu, hakuna atakayekuja na barua mlangoni. Na kama watu baki wakifika kumi mapema, mkawa mmeweka akiba ya miezi sita ya marejesho na chakula, rudini mezani mhesabu upya, huenda mkaona mwaka wa pili unatosha. Hapo mtaiwekea barua tarehe pamoja.

Mama yako wa Korogwe asipunguziwe ile 150,000, na asifichwe. Mpelekee picha moja. Aliishi na mikono ya mkata mkonge, ataelewa unachora nini kuliko wewe unavyodhani.

Jambo la mwisho, kisha nikuache ukapike. Ile picha ya kwanza, ya nyuma ya kalenda, hukuniambia kama umeiuza. Naomba uwe hujaiuza. Jumamosi watoto wakiwa nje wanacheza, itoe, iweke mezani kwenye mwanga wa dirisha, umwite mumeo. Usianze na barua wala deni. Mweleze bibi yule alivyouacha mkono wake mezani, na alichokwambia kuhusu chumvi.